Taa za Tela Ni za Anayefuata

Katika gari lolote linaloteremka kutoka Lukozi usiku na shehena ya kabichi, mtu mmoja peke yake ndiye asiyeweza kuziona taa za nyuma, naye ni dereva. Za mbele anaziona zikimulika kingo za barabara. Mshale wa kijani wa indiketa unakonyeza kwenye dashibodi kila akiuwasha. Ya huko nyuma amemwachia Mungu na tandiboi, na tandiboi kwa saa hizo kajifunika turubai juu ya mzigo, amelala.

Taa ya mbele ikizimika, dereva hasogei. Atamwamsha fundi usiku wa manane na atalipa bei yoyote atakayotajiwa. Ya nyuma ikizimika, gari linafika Dar es Salaam, linashusha, linarudi Lushoto, linapakia tena. Wiki zinapita. Anayepata shida ni mwingine, na huyo hatumjui mpaka siku ya ajali. Ndiyo maana nasema taa za nyuma za magari ya mizigo, na za matela kuliko zote, si za mwenye gari. Ni za anayemfuata, na sisi tumeziacha mikononi mwa mtu asiyezihitaji.

Anayeijua Lukozi anajua kwamba mji ule mdogo unaishi kwa kupakia. Karoti, viazi mviringo, kabichi, hoho, na matunda ya baridi msimu wake ukifika: plamu, peasi, matofaa. Mzigo unafungwa mchana, gari linaondoka jioni, ili kabla ya alfajiri uwe umeshushwa Ilala au Mabibo. Kwa hiyo safari karibu yote ni ya gizani. Kwanza ukungu wa msitu wa Magamba, kisha mji wa Lushoto, kisha zile kilomita 33 za kwenda Mombo kupitia Soni, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Ukifika chini ndipo inapoanza barabara kuu, zaidi ya kilomita 300 za Korogwe, Segera na Chalinze, ambako tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku kucha. Basi lililojaa abiria linaikuta Fuso isiyo na taa nyuma saa nane za usiku. Sihitaji kuendelea.

Semi ndefu si magari ya huku juu. Kona za Soni haziyapendi. Matela ya milimani ni yale ya ekseli moja, yaliyoundwa na fundi wa kuchomelea kutokana na gari chakavu, yakivutwa na pikapu au Land Rover iliyokula chumvi nyingi, yamebeba mbao, tangi la maji au magunia. Lakini hata Fuso na Canter ziingizeni humu humu. Bodi zake nyingi zimejengwa na mafundi wetu wenyewe, na nyaya za taa za nyuma zimeungwa upya, zikarefushwa, zikapitishwa palipopatikana nafasi. Kwa upande wa umeme, bodi ya namna hiyo ni tela lisilochomoka.

Tatizo la kuteremsha mizigo kutoka milima hii si la jana. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ya Kijerumani ya Wilkins & Wiese ilikuwa imejenga njia ya kamba za chuma ya kushushia mierezi kutoka Shume hadi Mkumbara, relini. Gogo likining'inia hewani halihitaji taa ya nyuma. Leo mbao za Shume zinashuka kwa matairi, barabara moja na watoto wa shule, bodaboda na bibi mwenye kuni kichwani.

Sasa twende kwenye ubovu wenyewe, maana wengi wanaulalamikia bila kuuelewa.

Chukua tela la mbao lililoletwa kwa fundi umeme wa magari pale Lukozi, jua likikaribia kuzama. Taa ndogo zinawaka kwa unyonge. Dereva akikanyaga breki, taa ya breki inatoa mwanga hafifu, na indiketa ambayo hakuna aliyeiwasha nayo inapata wekundu kidogo ndani ya balbu. Dereva kashafikia uamuzi wake.

"Fundi, shikamoo. Balbu zimekufa hizo, niwekee nyingine, nawahi Mombo."

"Marahaba. Balbu ikifa haiwaki, kijana wangu. Hizi zinawaka mahali pasipo pake."

Jibu hilo ndilo somo lote la umeme wa tela. Fundi hagusi balbu hata moja. Kwanza anachomoa plagi ya tela na kuiacha ining'inie. Anachukua testa yake, ambayo ni kibalbu chenye nyaya mbili tu, mmoja umebanwa kwenye hasi, na kwa ule mwingine anagusa pini za soketi ya pikapu moja baada ya nyingine huku dereva akiwasha anachoambiwa. Kushoto. Kulia. Breki. Taa ndogo. Zote zinaleta moto mzuri. Kwa hiyo pikapu haina kosa, na nusu ya kazi imekwisha kabla hajafungua skrubu. Kisha anavuta waya mrefu kutoka hasi ya betri na kuubana moja kwa moja kwenye chuma cha tela, anarudisha plagi, anamwambia dereva akanyage tena. Breki inawaka nyekundu kali, indiketa inakaa kimya. Kilichokufa ni ethi.

Umeme una kwenda na una kurudi. Kwenda kuna nyaya nyingi, kila taa na wake. Kurudi, tela zima linategemea njia moja, ile ya hasi ambayo mafundi wanaiita ethi. Njia hiyo ikikatika, umeme wa breki hautulii pale ulipokwama. Unapita kwenye uzi wa balbu ya breki, unafika kwenye chuma cha tela, unakosa pa kutokea, unapanda kinyumenyume kwenye uzi wa indiketa au wa taa ndogo, unarudi kwa waya wake hadi kwenye pikapu, na huko unapitia balbu za pikapu yenyewe kuifikia hasi. Njiani umegawana nguvu na balbu tatu. Ndiyo sababu kila kitu kinawaka kidogo na hakuna kinachowaka sawasawa. Anayebadilisha balbu kwenye hali hiyo anatajirisha duka la spea.

Kwa nini ethi ndiyo inayokufa kwanza? Kwa sababu haiheshimiwi. Mtu aliyeunda tela kafunga taa kwa bolti juu ya chuma chenye rangi, na rangi haipitishi umeme. Au hakuweka waya wa ethi kabisa, akategemea umeme urudi kupitia ule mpira wa chuma unaounganisha tela na gari. Kiungo hicho kimepakwa grisi, kina kutu, na kila tela likiruka shimoni kinaachana na mwenzake kwa muda mfupi. Dereva anayefuata anaona taa zinapepesa, anadhani anaitwa.

Kisha kuna plagi na soketi. Kifuniko cha mpira kilikatika zamani, springi imelegea, na tundu limejaa matope ya njia za mashambani. Pini za shaba zimeota ukijani. Fundi akikata waya ili aunganishe upya anakuta shaba ya ndani imekuwa nyeusi. Anakata tena, bado nyeusi. Anakata hadi anapoteza urefu wa kiganja ndipo shaba inapong'aa. Maji hupanda ndani ya waya uliomenywa kama mafuta kwenye utambi, na katika hali ya hewa ya Lukozi maji hayaishi hata mvua ikiacha kunyesha. Tepu nyeusi haizuii. Tepu inayafungia ndani.

Dawa si siri. Chuma kinapigwa msasa mpaka kiwe cheupe, waya unawekewa kishikizo cha duara, unakazwa kwa bolti na washa, juu yake grisi kuzuia kutu. Bora zaidi ni kutotegemea chuma kabisa: uvute waya wa ethi kutoka kwenye plagi hadi kwenye kila taa, na uwe mnene kuliko wenzake, kwa sababu unabeba marejeo ya wote. Piga hesabu. Breki mbili za wati 21, taa ndogo mbili za wati 5, indiketa moja ya wati 21: jumla wati 73. Kwa betri ya volti 12 hizo ni takriban ampea 6, zote zikirudi kwa waya mmoja. Halafu mtu anaweka waya wa spika ya redio.

Waya mwembamba na viungo vibovu vinakula volti, na balbu ya uzi haina msamaha. Volti ikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Taa inaonekana inawaka ukiwa umesimama karibu nayo gereji. Kwa mtu aliye mita mia nyuma kwenye ukungu wa Magamba, haipo. Na hapo hata mafundi wenye multimita wanadanganyika. Ukipima waya usio na mzigo, utasoma volti 12 hata kama umebaki uzi mmoja wa shaba usiokatika. Pima taa ikiwa inawaka, ndipo waya utakapotoa ukweli wake. Kwa maoni yangu, kibalbu cha yule fundi kinaishinda mita ya bei mbaya kwa kazi hii, kwa sababu kinavuta umeme kinapopima.

Kuna ubovu mwingine ambao nauogopa kuliko taa iliyozimika. Ni indiketa zilizopishana, ya kushoto ikawaka kulia na ya kulia kushoto.

Wanaosafiri barabara zetu wanajua lugha ya malori. Ukiwa nyuma ya lori unataka kulipita, dereva wake anawasha indiketa ya kulia: subiri, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto: pita, ni kweupe. Haijaandikwa kwenye leseni, lakini watu wanauamini mshale huo kwa roho zao. Sasa fikiria tela ambalo nyaya zake zimepishana. Dereva mwema, anayemjali mwenzake, anawasha kulia kumzuia. Nyuma inawaka ya kushoto. Anayefuata anatoka kwenye mstari wake na kuingia kwenye kona.

Zinapishanaje? Kwa njia rahisi sana. Plagi ya pini saba ina namba zake, na namba hizo zinazunguka upande mmoja ukiitazama kwa mbele, na upande wa pili ukiitazama kwa nyuma, pale nyaya zinapoingilia. Fundi anayekariri mpangilio bila kusoma namba zilizochongwa kando ya pini anaweza kugeuza tela zima. Na mpangilio wenyewe si mmoja. Kwenye plagi ya volti 12 ya mtindo wa Ulaya, namba 1 ni indiketa ya kushoto, 3 ni ethi, 4 indiketa ya kulia, 6 breki, 5 na 7 taa ndogo za kulia na kushoto. Kwenye ile ya malori ya volti 24, namba 1 ndiyo ethi, na 3 ndiyo indiketa ya kushoto. Ukifunga ya lori kwa kumbukumbu ya pikapu, umeipeleka ethi kwenye indiketa: siku dereva atakapowasha kushoto ni shoti, fyuzi inakufa. Matela yaliyoundwa kwa soko la Marekani nayo yana desturi yao, balbu moja kwa breki na indiketa, wakati pikapu zetu za Kijapani zina indiketa za njano peke yake. Hayo hayaungwi moja kwa moja bila kifaa cha kati. Rangi za nyaya usiziulize kabisa. Huku zinafungwa zilizokuwepo dukani siku hiyo.

Mengine nayapitia haraka. Balbu ya volti 24 kwenye pikapu ya volti 12 inatoa mwanga wa huzuni. Ya volti 12 kwenye gari la volti 24 inakufa papo hapo. Waya wa nyumba, ule wa uzi mmoja mgumu, haufai kwenye chombo kinachotikisika, utakatika ndani ya plastiki yake na hutaona kitu kwa nje. Taa za LED ni nzuri na zinakula umeme kidogo, ila relei za zamani zinadhani balbu imeungua, ndiyo maana indiketa inakimbia. Na anayekunja karatasi ya pakiti ya sigara akaiweka mahali pa fyuzi ameamua kuwa waya ndio utakaoungua badala yake. Hilo siliiti ufundi.

Halafu kuna taa nzima, zenye ethi safi na nyaya sahihi, ambazo bado hazionekani. Turubai limeshushwa nyuma likazifunika. Mbao zimechomoza kuzipita. Lumbesa zimepangwa hadi zinafutuka nje ya bodi. Matope ya njia ya shamba yamekauka juu ya kioo chekundu. Kitambaa chenye maji kingetosha, lakini hakuna aliyetumwa kufanya hivyo, kwa kuwa hakuna aliyetazama.

Na niseme neno kwa wanaofuata pia. Dereva mzuri wa mlimani hashuki Soni kwa kukanyaga breki muda wote. Anaweka gia nzito na kuiacha injini imzuie. Taa ya breki haiwaki kwa gia. Hivyo hata gari lenye umeme mzuri linaweza kupungua mwendo mbele yako bila kukuambia, na kitakachokuokoa ni taa ndogo tu, zile za wati 5 ambazo wenye magari wanaziona pambo.

Wapo wanaosema reflekta zinatosha. Stika za kuakisi ni jambo jema, na gari likiharibika ni afadhali ziwepo kuliko yale matawi ya miti tunayoyatandaza lami kisha tukayaacha hapo baada ya kuondoka, yakawa hatari mpya. Lakini stika haijui kwamba dereva amekanyaga breki. Ikichafuka haijui chochote.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na taa za nyuma zimo. Trafiki wapo. Shida ni jinsi tunavyokagua. Ukaguzi mwingi unafanyika mchana, gari limesimama, na taa zinawashwa moja moja. Ethi mbovu inaweza kufaulu mtihani huo: balbu moja ikipata njia nyembamba ya kurudi itawaka vizuri tu. Inaanguka pale taa ndogo, breki na indiketa zinapodai kwa pamoja, yaani usiku, kwenye kona, gari likiwa na mzigo. Akikamatwa, dereva analipa faini ya shilingi 30,000, anaweka risiti mahali pa kuifikia, na kituo kinachofuata anaionesha: afande, nimeshaandikiwa. Faini imelipwa. Taa bado imezimika. Tumeigeuza taa kuwa deni, na deni likilipwa kila mtu anaondoka ameridhika isipokuwa yule wa nyuma.

Mimi ningeanzia sokoni. Hakuna mzigo unaotoka Lukozi bila kupita mikononi mwa watu: anayehesabu, anayepakia, anayekata ushuru wa mazao. Halmashauri inaujua mzigo kwa gunia. Weka mahali pamoja pa kutokea, betri moja, soketi za aina mbili, na mtu mmoja anayejua kusimama nyuma ya gari na kusema ndiyo au hapana. Kazi ya dakika mbili. Fundi awe jirani, alipwe na mwenye gari, kwa mwanga wa mchana uliobaki. Gharama yake ni ndogo mbele ya ushuru unaokusanywa siku moja ya soko.

Na kama halmashauri itachelewa, mwenye mzigo asisubiri. Mfanyabiashara wa Lukozi ana nguvu kuliko trafiki kwa jambo hili, ila hajazitumia. Anachagua gari, anapatana nauli, anaangalia tairi na turubai kwa sababu kabichi zake zikiloa ni hasara yake. Aongeze kitu kimoja kwenye mapatano: taa za nyuma haziwaki, sipakii. Gari likigongwa kwa nyuma pale Segera, mzigo utakaomwagika barabarani ni wake.

Kwako wewe tandiboi, kabla hujapanda juu ya mzigo jioni ya leo, zunguka nyuma. Futa vioo, pandisha turubai. Mwambie dereva awashe taa ndogo, akanyage breki na kuishikilia, kisha awashe kushoto, kisha kulia, bila kuzima chochote. Simama mbali kidogo, hatua ishirini hivi, utazame zote kwa pamoja, na uhakikishe kushoto ni kushoto kweli. Kisichowaka kitengenezwe Lukozi, maana saa sita za usiku kwenye kona za Soni hakuna fundi.